Tupeane uzoefu: albamu ya "tumerudi" iliyododa sokoni lakini hukuiacha

#1
Wakuu, naanza mimi. All Saints, kundi la wasichana wanne la Uingereza, wamenikamata tangu wimbo wao Never Ever ulipoongoza chati ya Uingereza Januari 1998. Walipovunjika 2001, kisa ugomvi wa nani avae koti fulani kwenye kupiga picha (Shaznay Lewis, mmoja wao, mwenyewe ameusimulia), niliumia kama nimefiwa. Mwaka 2006 wakarudi wote wanne, kampuni ya muziki ya Parlophone ikawachukua, na Novemba ikatoka albamu yao Studio 1. Wimbo wake Rock Steady ulishafika namba 3, kwa hiyo nilikuwa na uhakika. Albamu ikaishia namba 40! Na hawa ndio waliokuwa na albamu ya Saints & Sinners namba moja mwaka 2000. Wimbo mwingine, Chick Fit, nao haukuokoa kitu.

Nadhani watu walingoja ule utulivu wa wimbo wao wa zamani Pure Shores, wakakutana na midundo ya Jamaika ya ska na rege. Mimi ndiyo hiyo ska iliyonishika. Ile CD nimeisikiliza mpaka ikaanza kurukaruka, na nilipoachana na mtu niliyempenda sana, nilirudia Rock Steady usiku kucha. Wewe yako ni ipi?

#2
Mkuu, mimi niliisikiliza mara moja nikaiweka kando kwa hasira, nikaona wamejisahau. Miaka kumi baadaye ikatoka albamu yao Red Flag, ikafika namba 3, na wimbo wake One Strike ukanitoa machozi. Hapo ndipo nikaifukua Studio 1. Sauti za Melanie Blatt na Shaznay zikipokezana zilikuwemo humo muda wote, mimi ndiye sikuzipa nafasi. Bado inaniuma.

#3
Kwangu ni Blue, kundi la wavulana la Uingereza. Albamu zao tatu za mwanzo zote zilikuwa namba moja Uingereza. Wakarudi, wakashika nafasi ya 11 kwenye mashindano ya nyimbo ya Eurovision 2011, halafu 2013 wakatoa albamu ya Roulette, ambayo haikuwafikisha tena kileleni. Wimbo wake Hurt Lovers nilikuwa namwimbia dada yangu alipolazwa, na hadi leo akiusikia hunipigia simu.

#1
#3, mpe dada salamu zetu. #2, pole mkuu, ila umenikumbusha jambo: kabla ya kurudi na Red Flag, Studio 1 ndiyo albamu pekee ya nyimbo mpya tuliyopata kwa miaka kumi na tano baada ya Saints & Sinners. Leo usiku naisikiliza tena yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Wengine endeleeni.