Siku nzima Mombasa bila kuona kitu: tulikosea wapi?

Mwalimu wa Mbale

Ndugu zangu, habari za leo. Ninafundisha Kiswahili hapa Mbale, na kwa miaka mingi nimewafafanulia wanafunzi maneno kama jahazi, mkoko na dafu ilhali mimi mwenyewe sijawahi kuiona bahari. Mwezi wa pili nilimchukua mke wangu na watoto wetu wawili, tukavuka mpaka wa Uganda na Kenya pale Malaba kwa basi, tukafika Mombasa Alhamisi usiku tukiwa na siku moja tu ya kutembea.

Ijumaa tulianzia ufuoni Nyali, kwa kuwa watoto hawakutaka kusikia jambo lingine. Tulifika yapata saa nne na nusu, na bahari haikuwapo. Palikuwa na mchanga, mwani uliolala, vidimbwi vya maji ya uvuguvugu, na mstari mweupe wa mawimbi mbali sana kwenye miamba. Binti yangu wa miaka sita aliniuliza, "Baba, maji wameyapeleka wapi?" Nilikosa jibu. Tulingoja juani hadi baada ya saa sita, kisha tukaenda ngome ya Fort Jesus, ambako kaka yake aliegemea ukuta na kuuondoa mkono upesi kwa jinsi mawe yalivyokuwa ya moto. Mama yao alishikwa na kizunguzungu, tukatoka kabla ya kumaliza hata chumba kimoja. Katika Mji wa Kale milango mingi ya maduka ilikuwa imefungwa.

Tunataka kurudi Desemba. Je, ni joto tu lililotushinda, au wenyeji wana namna yao ya kuipanga siku?

Mzaliwa wa Likoni (sasa Kampala)

Mwalimu, poleni sana wewe na mama watoto. Maji yalikuwa yamekupwa. Mtu aliyelelewa na Ziwa Viktoria hawezi kulaumiwa, kwani ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho.

Inaelekea mlikwenda siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, ambapo maji hujaa mno na kupwa mno, na tofauti yake huweza kuzidi mita 3. Siku hizo Mombasa hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa tena kuanzia saa kumi alasiri. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja huwa ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali, na asubuhi hiyohiyo ungeyakuta yamejaa. Safari yenu haikuwa na kosa ila mpangilio: ngome ingetangulia asubuhi mawe yakiwa bado baridi, bahari ikafuata saa kumi. Maduka nayo hufungwa kwa ajili ya sala ya Ijumaa, na wengi hapo hupumzika hadi jua lipungue makali.

Ninasikitika zaidi kwamba hamkuiona ngome. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Katikati ya mzingiro huo, mwaka 1697, meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya kuta zake, na vitu vilivyoopolewa humo vimewekwa ndani ya jumba la makumbusho. Tengeni saa mbili nzima.

Muuguzi, Entebbe

Mwalimu, naomba kizunguzungu cha mama kisichukuliwe kuwa jambo dogo. Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na miili yenu imezoea hewa ambayo jasho hukauka ndani yake. Pwani hewa imejaa unyevu, jasho linabaki juu ya ngozi, na mwili haupoi hata mtu akiloa chapachapa. Mnywe maji kabla ya kiu, mle chakula chenye chumvi, na kuanzia saa sita hadi saa tisa mkae kivulini bila kuona haya kwamba mnapoteza muda.

Desemba nisingeishauri. Kaskazi, yaani upepo wa msimu wa kutoka kaskazini-mashariki, huwa imeshaanza, na joto huendelea hadi Machi. Likizo ya baada ya muhula wa pili, mwezi Agosti, huangukia msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, nao ni wa baridi zaidi.

Mwalimu wa Mbale

Nawashukuru kwa dhati. Tutakwenda Agosti, na nitachagua siku ya mwezi mpevu kusudi ngome iwe asubuhi na bahari alasiri. Jana usiku nilimtoa binti uani, nikamwonyesha mwezi, nikamwambia kwamba ndio uliokuwa umeyavuta maji. Aliniuliza huwa unayarudisha saa ngapi. Nikamjibu: saa kumi.