Nataka kuchangia programu huria, ila kodi ninayoijua ni ya fremu

Mama_Steshenari: Habarini wakuu. Nina steshenari hapa Mtwara mjini. Kuchapa, kutoa kopi, barua za kazi. Kompyuta zote mbili zina LibreOffice, programu huria ya kuandikia, yaani ya bure na iliyo wazi kwa yeyote kuiboresha, maana leseni za Microsoft Office zingenimaliza. Mwaka wa tatu natumia bure, sasa nataka nami nirudishe kitu. Kila ninayemuuliza ananiambia nijifunze kodi (maandishi ya programu) kwanza. Tusioandika programu tuna kazi gani huko?

Korosho_Grade1: Wanalipa? Kama hawalipi, endelea kuchapa barua za watu, mama.

Fundi_Ligula: Mkuu, na yeye LibreOffice kailipia shilingi ngapi? Dada, anza na tafsiri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili, na LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Unajisajili Weblate, tovuti ya kutafsiria programu, unaona neno la Kiingereza, unaandika la kwetu. Anatakiwa mtu anayejua wateja wanasemaje. Niliwahi kukuta programu imetafsiri "save" kuwa "okoa faili". Faili linazama wapi?

Ticha_Mikindani: 😂 Mimi hata jedwali hunishinda, ila nachangia ramani. StreetComplete kwenye simu ya Android: unatembea, inakuuliza njia hii ni lami au vumbi, duka linafunguliwa saa ngapi. Majibu yanaingia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Jumapili moja tulizunguka na wanafunzi kuanzia pale Boma. Mmoja akajaza duka linafunguliwa 1:00, yaani saa moja asubuhi ya kwetu. Ramani ikaelewa saa saba usiku! Nilirudi kurekebisha mwenyewe. Mtu wa mbali angejuaje?

Mama_Steshenari: Hilo la ramani nawapa vijana wangu. Swali jingine: nikifungua kazi ya mteja iliyoandikwa kwa Word, namba za kurasa zinaruka. Naishia kuzirekebisha kwa mkono.

Fundi_Ligula: Huo nao ni mchango! Uripoti tatizo hilo kwenye Bugzilla ya LibreOffice, tovuti yao ya kupokea hitilafu: toleo lako, ulibonyeza nini, ulitegemea nini, ukapata nini. Ambatisha faili la mfano.

Mama_Steshenari: Kiingereza changu ni cha kuombea maji.

Fundi_Ligula: Kinatosha. Sentensi fupi fupi, na picha ya skrini. Ila majina ya mteja futa kwanza.

Mama_Steshenari: Ni ripoti ya chama cha msingi, kurasa 40. Nitume zote?

Fundi_Ligula: Mbili tu, ile kabla ya namba kuruka na inayofuata.