Kibanda umiza mmetupiga! Ubaoni Kisiwa chenye Hazina, ndani mafumbo matupu

Wakuu nina hasira sijui hata nianzie wapi. Jumamosi napita kibanda umiza kimoja, hivi vibanda vya kuonyeshea filamu kwa kiingilio, huku Magomeni, Mtwara mjini, nje ubao wa chaki: KISIWA CHENYE HAZINA, MAHARAMIA, MAPANGA, SAA KUMI. Mimi kile kitabu cha tafsiri nimekisoma mpaka jalada likatoka, pale kijana Jim kajificha kwenye pipa la matofaa anamsikia Silver wa mguu mmoja anavyopanga kuwageuka wenzake, ukikisoma usiku na koroboi unasikia kabisa gongo lake linagonga sakafu. Nikabeba wapwa watatu, mia tano mia tano, mimi buku, na korosho juu.

Sasa kilichowekwa! Nimekuja kugugo baadaye, kumbe ni ile filamu ya Raúl Ruiz, Mchile aliyeishia Ufaransa baada ya mapinduzi ya kwao 1973, kaipiga 1985. Humo watu wanaijua hadithi yenyewe na wanaicheza kama gemu, nani ni nani hujui, sauti inasimulia juu kwa juu. Kitabu cha Stevenson cha 1883 mtoto wa darasa la nne anakifuata, hii mimi na ndevu zangu nilikuwa namuuliza jirani.

Na haikuwa ya DJ, zile zilizokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, kwahiyo mwenye kibanda kashika maiki atafsiri mwenyewe. Dakika kumi anatiririka, mara "hapa jamaa anamwambia... anamwambia kwamba... subirini kidogo", kimyaaa, tunasikia tu anavyomeza mate kwenye spika. Mpwa wangu mdogo ananivuta shati, "anko, kasuku wa Silver yuko wapi?" Nimjibu nini?

Msije hapa na "hiyo sanaa mkuu hujaelewa". Ruiz ni fundi, sibishi, na wanaopenda majaribio yake wapo wengi tu. Ila andika basi ubaoni kwamba ni mafumbo! Mwenye kibanda kaona jina tu kaweka, yeye mwenyewe hajaiangalia hata robo, ushahidi ni ile maiki.

Umeme ukakata (mkoa wenye gesi ya Mnazi Bay, tuyaache hayo) na watu WAKASHANGILIA. Nimemfuata anirudishie, eti "njoo kesho kuna mechi, utaingia bure". Mimi mpira siangalii. Nataka buku mbili na mia tano yangu, leo jioni napita tena na wapwa wote watatu, tutakaa hapo mlangoni.