Naomba ushauri: Hell's Gate na Olkaria kwa siku moja nikiwa na mzee

Wadau, baba mkwe anakuja Nairobi mwezi wa nne na anataka kuona mvuke wa ardhini wa Olkaria kule Naivasha, ule unaozalisha umeme tangu 1981. Mwongoza watalii amenipangia tupande Mlima Longonot asubuhi (mita 2,776, na mzee ana magoti mabovu!), kisha tuzunguke mbuga ya Hell's Gate kwa baiskeli, tumalizie kwenye bwawa la maji moto. Longonot nimeshaikataa. Kinachonitatiza ni korongo la Ol Njorowa, lililo ndani ya Hell's Gate. Mvua ikinyesha juu, maji hushuka humo ghafla; mwaka 2019 yaliua watalii. Mwongoza watalii ananiambia nisijali, na jibu hilo ndilo linanitia wasiwasi. Mliokwenda na wazee, mlizunguka kwa gari? Na mwenye presha anaweza kuoga bwawani?