Nimejifuatilia kazini wiki tatu, na nilichokiona kimenichanganya

Mwandika_Ripoti

Wakuu, naombeni mawazo yenu.

Mimi naandaa ripoti za mwezi za idara tatu. Kwa miaka sita nimeamini mambo mawili kuhusu nafsi yangu: kwamba mimi ni mtu wa usiku, na kwamba adui yangu ni simu. Mwezi uliopita ripoti ikachelewa kwa mara ya nne mfululizo. Mkuu wangu wa kitengo hakufoka, alisema tu "nilijua." Neno hilo moja liliniuma kuliko barua ya onyo.

Nikachukua daftari. Kila nusu saa naandika ninachofanya, hata kama sicho nilichopanga. Na kabla ya kuanza kazi yoyote naandika itanichukua muda gani.

Simu nimeisingizia bure. Ni kama dakika 40 kwa siku, nyingi zikiwa za mapumziko. Ule umtu wa usiku nao ni uongo: majedwali niliyoyafanya kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi halikurudishwa hata moja, ya jioni yalirudishwa matano kati ya manane. Usiku nilikuwa nafanya kazi kwa sababu mchana umeshaniponyoka, halafu nikasema ndivyo nilivyoumbwa.

Kilichonichanganya ni hiki. Mara 31 nimeandika "nimefungua baruapepe." Mara 24 kati ya hizo ni ndani ya dakika kumi baada ya kugusa sehemu ya mapendekezo. Majedwali naweza kukaa nayo saa nzima bila kuinua kichwa. Mapendekezo naandika sentensi mbili, mara nakumbuka kuna mtu sijamjibu. Sehemu hiyo niliikadiria saa 2, ikala saa 5 na dakika 20.

Sasa nimeshajijua, nifanyeje? Maana kujijua kwenyewe hakujanisaidia. Jana nimefungua baruapepe huku najiangalia kabisa.

MzeeWaStoo

Binti, daftari lako linasema lini. Halisemi ni nini kilikupitia kabla hujaikimbilia hiyo baruapepe. Ongeza safu moja ya hilo, na humo usiandike "uvivu." Uvivu ni hukumu, wewe bado unakusanya ushahidi.

Mimi nilikuwa mtunza stoo ya vipuri. Kila Ijumaa ya kuhesabu mali, nilikuwa napata dharura mahali pengine: kufagia, kupanga makabati, kumsaidia dereva kupakia. Nilijiona mchapakazi kweli. Siku moja nikajilazimisha kuandika palepale kilichotokea, nikaandika: "Nimeshika karatasi ya hesabu, tumbo limekaza, nimemkumbuka yule bwana." Yule bwana alikuwa bosi aliyenifokea mbele ya watu kwa upungufu wa beringi mbili. Na alikuwa ameshahama miaka mitatu! Namkimbia mtu ambaye hayupo.

Nikamwomba kijana wa zamu tuhesabu pamoja, yeye anasoma namba, mimi naandika. Baada ya Ijumaa tano au sita nikawa nahesabu peke yangu.

Wewe unamkumbuka nani ukifungua mapendekezo?

Mwandika_Ripoti

Mzee, umenifanya nifunge kompyuta kwanza. Simkumbuki mtu mmoja, nawaona wote watakaosoma. Jedwali likikosewa, ni namba imekosewa. Pendekezo likichekwa, nimechekwa mimi.

HesabuKwanza

Nitagusa makadirio tu, hayo ya moyoni nawaachia wazee.

Kukadiria saa 2 ikawa zaidi ya 5 usikufanye kilema chako. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandikia kosa hili mwaka 1979: mtu akipanga anaitazama kazi iliyo mbele yake, anasahau zilizopita zilikwendaje. Mwaka 1994 Buehler na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu. Kwa wastani walisema siku 33.9. Walipoambiwa wakadirie mambo yote yakienda kombo, wakasema 48.6. Zikawa 55.5. Yaani hata mtu akijitisha, bado anajipendelea.

Kwa hiyo acha kujiuliza itachukua muda gani. Fungua daftari uone ya mwezi uliopita ilichukua muda gani, uandike hiyo hiyo. Mpe mkuu wako tarehe inayotokana na hapo, hata kama ni ya aibu. Anachokichoka yeye ni ahadi, siku zenyewe angezivumilia.

KalamuNne

Mimi naja na maji baridi. Nilipoanza mchezo huu wa kurekodi muda nilifika hadi wino wa rangi nne: buluu mikutano, nyekundu usumbufu, kijani kazi ya maana, nyeusi mengineyo. Mchana mmoja nikagundua nimetumia dakika 50 kupamba siku ambayo sikufanya lolote. Daftari nalo linaweza kuwa baruapepe yako nyingine, dada, tena hili unajisifu nalo.

Yupo mtaalamu wa wadudu wa Urusi, Aleksandr Lyubishchev, aliyeandika matumizi ya muda wake tangu 1916 mpaka alipofariki 1972. Namheshimu. Sisi wengine wiki tatu zinatosha, ukaweka kalamu chini, ukarudia baadaye kuona kama kuna kilichobadilika.

Halafu idara tatu, mtu mmoja? Hapo si kila kitu ni nafsi.

UpandeNisiouona

Kuna kitu hakimo daftarini na hakiwezi kuwemo: yale wanayoyaona wenzako na wewe huyaoni. Wanasaikolojia Joseph Luft na Harrington Ingham walichora mchoro wa kujijua, dirisha la vyumba vinne, mwaka 1955, kimoja ndicho hicho. Wameliita Johari, nami kwa muda mrefu nilidhani ni johari yetu hii ya vito, kumbe wameunganisha majina yao, Joe na Harry.

Usiwaulize wenzako "mnanionaje?" Watakusifu, utarudi mikono mitupu. Uliza jambo dogo: "Kwenye ripoti ya mwezi uliopita, ni wapi mlinisubiri?" Waulize wawili, kila mmoja kivyake, na wakijibu usijitetee. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mimi nilikunywa maji glasi mbili ili mdomo uwe na kazi.

Mwandika_Ripoti

Narudi baada ya siku kumi na sita.

Niliwauliza wawili. Wa kwanza akasema hakumbuki kunisubiri (anaogopa kuniumiza, namjua). Wa pili akasema: "Wewe huwa unatuletea ikiwa imeshapigwa pasi, hatuna pa kukusaidia. Tukiona kosa tunanyamaza." Nilikuwa najua nachelewesha. Sikujua kwamba nawafungia mlango.

Mwezi huu nilianza na mapendekezo, saa 2 asubuhi, kabla ya majedwali. Nikaandika vibaya makusudi, sentensi saba, nikampelekea huyo wa pili kabla sijapata muda wa kuzionea haya. Alifuta mbili, moja akaiongezea hoja ambayo nisingeifikiria. Sehemu nzima imekula saa 3 na dakika 10. HesabuKwanza, nilikuwa nimeandika 5, usinicheke.

Baruapepe nimeifungua mara nne katikati ya kazi hiyo. Kwenye safu ya Mzee nimeandika "mabega yamepanda" mara tatu, na mara moja "nasubiri kweli jibu la mtu," na lilikuwa limekuja.

KalamuNne, daftari liko kwenye droo. Hili la idara tatu sijalisema bado kwa mkuu. Nimeandika barua yake mara mbili, na mara zote mbili nimejikuta napanga majedwali.