Mrejesho: salongo ya batoto ya primeri, mvua imesharudi

Aksanti sana bandugu. Niliuliza namna gani tufanye salongo (kazi ya kusafisha pamoja) na batoto ya primeri huku Bukavu mvua ya mwezi wa kenda ikirudi, juu bazazi bengine walisema mtoto analipiwa kusoma, hapana kufagia. Shauri yenu ya kuita bazazi mbele ndiyo ilisaidia, mama mwenye alikataa sana alikuja na mafagio mbili!

Tulifanya siku ya posho (jumamosi). Badogo walifagia kiwanja tu, ba ya tano na ya sita wakaokota chupa za plastiki, mtaro wenyewe walizibua bababa, mtoto hata moja hakuingia ndani. Mwalimu akawaeleza kama chupa yenye unatupa hapa inashuka mpaka ziwa Kivu, inaingia mto Ruzizi, inaziba mashine ya umeme, na moja akauliza, kumbe umeme inakatikaka nyumbani juu ya chupa zetu? Ile ulizo ilinigusa sana.

Kisha mvua kali ikanyesha, maji haikuingia kwa darasa ya kwanza kama mwaka jana. Sasa tunatafuta miche ya kupanda kwa mteremko nyuma ya choo, udongo inaporomoka pale.