Mjadala: Mgonjwa wa makovu ya mapafu apewe Septrin kila siku, au tuache?

Mtoa mada
Wakuu, heshima kwenu.

Baba yangu mdogo ni seremala, amekula vumbi la mbao miaka thelathini. Alianza kwa kuhema akipanda ngazi tatu tu za barazani, kikohozi kikavu, ncha za vidole zikavimba kama virungu. Zahanati wakamwanzishia dawa za TB, akamaliza miezi sita, wapi. Mwisho daktari mmoja alimsikiliza mgongoni akasema mapafu yanatoa sauti kama kibandiko cha kiatu cha mtoto kikibanduliwa. Siti skani ikamaliza ubishi: faibrosisi, yaani makovu ya mapafu, chini kabisa pafu lina matundu kama sega la nyuki.

Sasa jirani yetu, zamani alikuwa na duka la dawa, kaleta boksi la Septrin, ile antibiotiki. Anasema wanaommaliza mzee ni bakteria. Nimesoma, na naona ana hoja. Mwaka 2014 watafiti Uingereza waliosha mapafu ya wagonjwa 65 wa faibrosisi, wakakuta bakteria kama mara mbili ya wasio na ugonjwa huo, na waliobeba wengi zaidi ndio waliotangulia kufa. Panya waliokuzwa bila kijidudu chochote, mapafu yao yakiharibiwa kwa dawa ya bleomisini, hufa wachache. Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa Japani: kuna aina ya bakteria wa stafilokokasi inayotoa kipande cha protini, korisini, kinachoua seli za pafu na kumzidishia panya ugonjwa ghafla.

Basi kwa nini tusiwaue?

Nesi wa zamu
Kaka, pole kwa mzee. Ila hilo boksi mrudishie mwenyewe. Septrin imeshajaribiwa: Uingereza wagonjwa 342, nusu dawa yenyewe, nusu kidonge kitupu kisicho na dawa, majibu yalitoka 2020, hakuna tofauti ya vifo wala kulazwa. Marekani wagonjwa 513, karibu nusu walipewa antibiotiki, ama Septrin ama doksisaiklini, waliobaki matibabu ya kawaida tu. Wakaisimamisha mapema kwa sababu haikuwa na faida. Na Septrin inapandisha potasiamu, mzee wa umri huo mwenye figo zilizochoka inaweza kumsimamisha moyo. Hatujasahau 2012: prednisoni, azathiopurini na asetilisisteini kwa pamoja, tiba ya ugonjwa huuhuu iliyoaminiwa miaka mingi, ilipopimwa ikakutwa inaua kuliko kidonge kitupu.

Mzee wa maabara
Mtoa mada, kukutwa msibani si kuua marehemu. Pafu lenye kovu halijisafishi, makamasi yanalala humo, mate na tindikali ya tumbo vinapanda usiku. Bakteria wasijae?

Lakini na wewe dada usifunge kesi haraka. Majaribio yale mawili walimpa dawa kila mtu, mwenye bakteria wengi na asiye nao. Ni kama kunyunyizia dawa ya mbu mtaa mzima wakati dimbwi liko nyuma ya nyumba moja. Mimi ningependa jaribio linaloanza kwa kuhesabu vijidudu, ndipo dawa ifuate.

Nesi wa zamu
Nakubali, shikamoo mzee wangu. Ila kuhesabu huko ni kuingiza mpira kifuani kwa mtu ambaye pumzi ya kufika chooni hana. Wapo wanaozidiwa baada ya kuoshwa pafu. Nani ajitolee?

Mzee wa maabara
Marahaba. Hapo umenishika.

Mtoa mada
Na akipata homa, makohozi yakabadilika rangi?

Nesi wa zamu
Hiyo kesi nyingine. Hospitali siku hiyohiyo, na antibiotiki atapewa baada ya kupimwa. Mimi napinga kidonge cha kila siku cha kubahatisha. Ulizieni nintedanibu au pirfenidoni, hazifuti kovu ila zinalipunguzia kasi. Bei yake sasa, tusizungumze.

Mtoa mada
Boksi nimelirudisha. Jirani kanuna, anadai hao wa kidonge kitupu walidanganywa na madaktari. Nimwelezeje, maana kesho yuko kwetu tena kucheza bao na mzee?